Mashine ya Kweli, Uso wa Mwenzake

Fundi alivua miwani yake, akabana jichoni kile kioo cheusi cha kukuzia, akaigeuza saa yangu kifudifudi na kuitazama mashine kupitia mgongo wake wa kioo. Nilikuwa nimempelekea kazi ndogo tu, kupunguza vipande vya mkanda wa chuma ili saa isizunguke mkononi, nami nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza yake, barazani mwa duka moja la Kariakoo, nikingoja. Aliisogeza sikioni, akaitikisa kidogo, akaiangalia rota, kile kipande kinachoijaza saa mkono unapotembea, ikizunguka, kisha akaigeuza na kuutazama uso wake kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama mashine.

“Unaionaje, fundi?” nilimuuliza.

“Mashine ni ya kweli, mwanangu,” alijibu. “Uso ni wa mwenzake.”

Hakuongeza neno. Alimaliza kazi, akapokea ujira wake, akamgeukia mteja mwingine. Mimi nimekaa na kauli ile kwa wiki kadhaa, nikiikumbuka kila ninapotaka kujua ni saa ngapi, kwa sababu ndani ya maneno yale machache mna jambo ambalo wengi tunaopenda saa hulizungukia sana bila kulifikia.

Saa yenyewe ni Invicta Pro Diver, toleo la 8926OB: kasha la chuma lenye kipenyo cha milimita 40, mashine ya otomatiki ya Kijapani iitwayo NH35A, uwezo wa kuzuia maji ulioandikwa kuwa mita 200, na bei ambayo kwa miaka mingi imekuwa haifiki dola 100 za Marekani. Sura yake ni ya Rolex Submariner, saa ghali ya wazamiaji kutoka Uswisi, tangu pete nyeusi inayozungushwa ukingoni mwa uso hadi lenzi ndogo iliyo juu ya tarehe. Submariner ya chuma yenye tarehe, toleo la 126610LN, ilipotangazwa Septemba 2020 iliwekewa bei ya dola 9,150 nchini Marekani.

Basi saa ya bei nafuu yenye sura ya saa hiyo ipimwe kwa kipimo gani?

Wengi huziweka picha mbili sambamba na kuhesabu tofauti. Kadiri tofauti zinavyokuwa chache, ndivyo saa ya bei nafuu inavyosifiwa. Nami kwa muda niliitazama yangu hivyohivyo, hadi kauli ya fundi iliponilazimisha kuuliza kitu kingine: hizi alama zinazohesabiwa ziliwekwa pale kwa ajili gani?

## Kila mstari ulikuwa jibu

Submariner haikuzaliwa kuwa pambo. Ilibuniwa mwaka 1953 na kuoneshwa kwenye maonesho ya saa ya Basel, Uswisi, mwaka 1954, wakati ambapo kuzamia kwa mtungi wa hewa kulikuwa bado jambo geni, na mzamiaji alihitaji kujua kitu kimoja kuliko vingine vyote, nacho ni dakika alizokwisha kukaa chini ya maji. Pete ile iliwekwa kwa sababu hiyo. Mzamiaji anaielekeza pembetatu ya pete kwenye mshale wa dakika anapoanza kuzama, na baada ya hapo hana haja ya kutoa hesabu yoyote kichwani, kwani mshale wenyewe unamsomea muda uliopita.

Pete za mwanzo zilizunguka pande zote mbili. Baadaye ilionekana kwamba pete ikigongwa kwenye mwamba inaweza kusogea na kumdanganya mzamiaji kwamba bado ana muda, ndipo ikafanywa izunguke upande mmoja tu, ule unaoufanya muda uliopita uonekane mrefu kuliko ulivyo. Ikikosea, inakosea kwa kumrudisha mtu juu mapema. Mimi huona kwamba katika mstari huo mmoja mna huruma kubwa ya kihandisi.

Na mingine iko hivyohivyo. Duara lililo kwenye mshale wa saa linabeba rangi nyingi inayong'aa gizani na kumsaidia mtu asiuchanganye mshale huo na ule wa dakika. Vipembe viwili vinavyokilinda kifungo cha kutilia ufunguo viliongezwa mwaka 1959, kwa kuwa kifungo kilichojitokeza bila kinga hugongwa na kupinda. Kifungo chenyewe hufungwa kwa skrubu ili maji yasipite.

Hapa ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanza, na haikuelekea kule nilikotarajia. Mwaka huohuo wa 1953 kampuni ya Blancpain ilitoa Fifty Fathoms, saa iliyotengenezwa kwa mahitaji ya wazamiaji wa kijeshi wa Ufaransa, ikiwa na uso mweusi, alama kubwa zinazong'aa na pete inayozunguka. Nyumba mbili zilikabiliwa na tatizo moja zikatoa majibu yanayofanana. Ikiwa hivyo, sura hii ni ya nani hasa? Je, fundi alikuwa na haki ya kusema uso ni wa mwenzake, wakati huyo mwenzake naye alikuwa na mwenzake?

Jibu langu ni kwamba alikuwa na haki. Pete na uso mweusi vinaweza kuitwa mali ya kazi, kama vile mpini ulivyo mali ya jembe lolote. Lakini mshale wenye duara lililogawanywa sehemu tatu, na mpangilio ule wa nukta, vijiti na pembetatu ukiwa pamoja na lenzi ya tarehe, si jambo ambalo kazi inamlazimisha kila mtu alifikie. Hayo ni maamuzi ya watu fulani, waliokaa wakachagua.

## Mdogo wake mwenyewe

Nilipokuwa katika shaka hiyo nilikutana na historia ya Tudor, na mawazo yangu yakageuka kwa mara ya pili.

Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex, ndiye huyohuyo aliyeanzisha kampuni ya Tudor mwaka 1946, akitaka kuuza saa za kutegemewa kwa bei iliyo chini ya ile ya Rolex. Mwaka 1954 Tudor ilitoa Submariner yake, toleo la 7922. Kasha, kifungo na mkanda vilitoka Rolex. Mashine ilitoka kwa watengenezaji wengine. Kwa maneno mengine, tangu mwaka uleule ambao saa ghali ilioneshwa Basel, palikuwapo tayari saa ya bei nafuu yenye uso wake na mashine ya kwingine, na aliyeitoa ni mwenye uso mwenyewe.

Kwa siku chache nilidhani nimepata utetezi kamili wa saa yangu. Nilijiambia kwamba kama Wilsdorf aliona ni sawa mtu asiye na uwezo mkubwa avae sura ile, basi aibu haipo.

Utetezi huo haukudumu, kwa sababu mbili. Ya kwanza iko wazi: mtu akimpa mdogo wake vazi lake, huko ni kutoa, jirani akishona la kufanana nalo kwa kuchungulia dirishani, huko si kupewa. Ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi, nayo ni yale yaliyoipata Tudor baadaye. Mwaka 1969 Tudor iliacha mshale wa duara ikaweka mshale wenye ncha ya mraba mkubwa, ambao wapenzi wa saa waliupa jina la chembe ya theluji, na wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Ufaransa walivaa saa za namna hiyo. Mraba ule uliishika rangi nyingi, ukasomeka vizuri gizani. Lilikuwa jibu la swali lilelile la zamani, lakini safari hii lilikuwa jibu la Tudor yenyewe. Leo mtu anapoitambua Tudor kwa mbali, anaitambua kwa mraba huo.

Saa iliyoanza na uso wa kaka yake ilikua ikapata uso wake.

Tangu hapo nimeacha kuipima saa ya bei nafuu kwa ukaribu wake na ile ghali. Naukagua mstari mmoja baada ya mwingine, nikiuliza: mstari huu uliokuwa jibu kule ulikotoka, huku uliko sasa bado unajibu?

## Mkononi

Pete inajibu. Inazunguka upande mmoja tu, na mimi huitumia karibu kila wiki, ingawa si baharini. Ninaposimamia mtihani darasani, huielekeza pembetatu kwenye mshale wa dakika mara tu karatasi zinapofunuliwa, na hata kukiwa na mwanafunzi anayeomba karatasi ya ziada na mwingine anayeomba ruhusa ya kutoka, muda uliopita uko mbele ya macho yangu bila hesabu. Kazi hiyo si ya kina cha bahari, lakini ni kazi ileile.

Kifungo cha skrubu nacho kinajibu, kwa sharti kwamba mwenye saa akumbuke kukifunga kila baada ya kurekebisha majira. Kuhusu mita 200 ningependa kusema kwa uangalifu. Kuna kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ISO 6425, ambacho hutaka kila saa ipimwe kwa shinikizo linalozidi lile lililoandikwa kwa robo, na saa iliyofaulu huruhusiwa kuandikwa kwamba ni ya mzamiaji. Uso wa saa hii unataja mita bila kudai daraja hilo. Kwa hiyo mimi huogelea nayo baharini bila wasiwasi, lakini singeshuka nayo chini kwa mtungi wa hewa nikiweka maisha yangu juu yake. Tena, yeyote anayefunguliwa saa yake na fundi ahakikishe raba ya mgongoni imerudishwa mahali pake na haijakauka, kwa maana hapo ndipo saa nyingi zisizoingia maji huanza kuingia maji.

Lenzi ya tarehe ni habari nyingine. Lenzi ya Rolex hukuza tarehe mara mbili na nusu, na ndiyo maana iliwekwa: mtu mzima ambaye macho yake yameanza kuchoka aisome tarehe bila kuinua mkono hadi puani. Lenzi ya saa hii hukuza kwa kiasi kidogo zaidi. Umbo la msaada lipo pale juu ya kioo, lakini msaada wenyewe umepungua, na kila ninapoitazama naona kwamba iliwekwa ili ionekane, wakati kule ilikotoka iliwekwa ili tuone.

Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa nikiitafuta.

Kioo ni cha kawaida kilichoimarishwa, si cha yakuti ya kutengenezwa kama kile cha saa ghali. Tofauti hii haiko kwenye bei tu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs yakuti iko daraja la 9, mchanga wa kwarzi uko daraja la 7, na kioo cha kawaida kiko chini ya mchanga. Maana yake ni kwamba punje ya mchanga wa ufukweni ikisuguliwa juu ya kioo hiki itakichora, na ikisuguliwa juu ya yakuti haitaacha alama. Kwa anayeishi pwani jambo hilo si dogo. Hata hivyo kioo cha kawaida hakipasuki kwa urahisi kinapogongwa, na kukibadilisha ni gharama ambayo mshahara wa kawaida unaimudu. Kwa hiyo silihesabu kuwa kosa, nalihesabu kuwa chaguo la bei.

Rangi inayong'aa ni haba. Duara la mshale wa saa, lililobuniwa libebe rangi nyingi, linabeba kidogo, na mwanga wake hufifia mapema usiku. Mkanda nao unafanana na wa Submariner ukiwa mezani, lakini kibanio chake ni cha bati lililokunjwa, wakati kibanio cha saa ghali kina njia ya kuurefusha mkanda kwa hatua za milimita mbili hadi milimita 20, ili mzamiaji aweze kuuvaa juu ya vazi lake la mpira. Sura ya mkanda imechukuliwa na sababu yake ikaachwa. Mimi nimeuondoa nikavalisha saa mkanda wa nailoni wa milimita 20, na imekuwa nyepesi na tulivu mkononi.

## Mashine haikuiga

Sasa nifike kwenye nusu ya kwanza ya kauli ya fundi, ambayo kwangu ndiyo iliyo tajiri zaidi.

NH35A hutengenezwa na kundi la Seiko na kuuzwa kwa kampuni nyingi za saa. Ina mawe 24, yaani vito vidogo vinavyopunguza msuguano, hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mapigo sita kila sekunde, na kamani yake, ile springi inayoiendesha, ikijaa hudumu takriban saa 41. Mashine ya Submariner ya sasa hupiga mara 28,800 kwa saa na hudumu takriban saa 70. Ukiivua NH35A Ijumaa saa moja jioni ikiwa imejaa, itasimama Jumapili saa sita mchana. Ile ghali itaendelea hadi Jumatatu saa kumi na moja jioni. Katika usahihi, mtengenezaji wa NH35A anairuhusu ichelewe hadi sekunde 20 au iwahi hadi sekunde 40 kwa siku, ilhali Rolex hujifunga kwa sekunde mbili kila upande. Tarakimu hizi ndizo zinazotajwa kila mara, na zote zinaelekea upande mmoja.

Lakini hazisemi mashine hii ni nini.

Rolex ilitoa mashine yake ya kujijaza, iliyoitwa Perpetual, mwaka 1931. Seiko walipolikabili tatizo hilohilo la namna ya kuijaza kamani kwa mwendo wa mkono, mwaka 1959 walitoa njia yao wenyewe, wakaiita Magic Lever. Ni mkono mdogo wenye ndoano mbili uliounganishwa na rota. Rota ikizunguka kulia, ndoano moja huvuta jino la gurudumu, ikizunguka kushoto, ndoano nyingine husukuma, na gurudumu hujaa kwa mwelekeo mmoja tu bila kujali mkono umekwenda wapi. Vipande ni vichache, havihitaji mafuta mengi, na havichakai upesi. Hilo ndilo wazo lililomo ndani ya NH35A hadi leo. Halikuchunguliwa dirishani kwa mtu.

Mafundi wetu wanaijua familia hii ya mashine kwa kuizoea. Seiko 5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, imepita kwenye mikono ya baba na wajomba wengi wa pwani na bara, na wengi wetu tumewaona wakiitikisa asubuhi ili iamke, kwa sababu mashine kama 7S26 iliyotumika kwenye nyingi kati yake haikuweza kutiwa ufunguo kwa mkono, na mshale wake wa sekunde haukusimama mtu alipotaka kuirekebisha. NH35A imeyatengeneza yote mawili. Unaweza kuitia ufunguo, na ukivuta kifungo mshale wa sekunde husimama, ukaachilia pale redio inapotangaza saa kamili.

Yangu huwahi kwa sekunde chache kila siku, ndani kabisa ya kiasi alichokiruhusu mtengenezaji, na nimejifunza kwamba nikiilaza usiku uso ukiangalia juu huwahi zaidi kuliko nikiilaza ubavuni, hivyo huchagua mlalo kulingana na ilivyofika jioni. Na siku mashine hii itakapochoka, fundi wa Kariakoo anaweza kuifungua mezani kwake, au akaweka mpya nzima kwa makumi machache ya dola. Saa ghali ikichoka husafirishwa kwenda kwenye kituo chake, na gharama ya kuihudumia mara moja huzidi bei ya saa yangu mara kadhaa. Nikiwa mtu anayeishi hapa, na anayetaka saa yake ihudumiwe hapa, nahesabu jambo hilo kuwa sehemu ya ubora wa mashine, ingawa halimo katika orodha za sifa zake.

Fundi alipoitazama mashine kwanza, nadhani aliona hayo yote kwa mtazamo mmoja. Ni ya kweli kwa sababu inafanya kazi yake kwa akili yake yenyewe.

## Jina lililoandikwa ubavuni

Kuna kitu kwenye saa hii ambacho wengi wa wanaoinunua hawakipendi. Ubavuni mwa kasha, upande wa kushoto, pamechongwa jina INVICTA kwa herufi kubwa. Wapo wanaolisugua lile jina kwa msasa hadi lipotee, kwa sababu, wanasema, linaharibu sura.

Mimi sasa naona kuwa jina hilo ndilo sehemu ya uso wake iliyo yake kabisa.

Saa zenye taji na jina la Rolex ambazo si Rolex zinauzwa mitaani kwetu kila siku. Hizo ni bandia, na nchini Tanzania kuzuia bidhaa za aina hiyo ni kazi ya Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Saa bandia hudanganya kwa maandishi. Saa inayofuata sura ya nyingine lakini ikaandika jina lake haijadanganya kwa maandishi, na tofauti hiyo ni kubwa kwangu, kwa kuwa aliyeitengeneza anaweza kutafutwa, kulaumiwa na kusifiwa kwa jina. Anayelisugua jina hilo anaipeleka saa yake hatua moja karibu na ile bandia, kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kununua kitu ambacho hakikuwa bandia.

Nilishangaa pia kujua kwamba jina lenyewe ni la zamani kuliko Rolex. Invicta ilianzishwa na Raphael Picard mjini La Chaux-de-Fonds, Uswisi, mwaka 1837, wakati Wilsdorf alianza biashara yake London mwaka 1905. Ile iliyopo leo ni kampuni ya Kimarekani yenye makao Florida, iliyolifufua jina hilo mwaka 1991. Lakini mwenye jina la umri huo alikuwa na uwezo wa kutafuta sura yake, kama Tudor ilivyotafuta, na kwa toleo hili hakuitafuta. Hilo linanisikitisha zaidi kuliko bati la kibanio.

## Aliye umbali wa hatua mbili

Shaka iliyonisumbua mwisho, na ambayo bado sijaimaliza, haimhusu aliyetengeneza saa. Inanihusu mimi ninayeivaa.

Mtu aliye hatua mbili kutoka kwangu hasomi ubavu wa kasha. Anaona pete nyeusi, anaona mshale wenye duara, anaona lenzi. Yale anayoyafikiri kuhusu mshahara wangu, au kuhusu mahali nilikopata pesa, yamesemwa na sura ambayo sikuilipia, na sikuulizwa. Maandishi hayakudanganya, lakini taarifa isiyo ya kweli imefika.

Na sura ile haibebi utajiri peke yake. Familia nyingi za pwani na Zanzibar zina ndugu Muscat, na huko Rolex ina historia ya aina yake, kwa kuwa Sultani Qaboos, aliyetawala Oman kuanzia 1970 hadi 2020, aliagiza saa hizo zikiwa na nembo ya jambia usoni na kuzitoa zawadi kwa watu waliomtumikia. Kwa aliyepewa, saa hiyo ilikuwa shukrani ya mtawala iliyovaliwa mkononi. Kwa wengine ni ya mzazi aliyestaafu baada ya kazi ya maisha yote. Wanapoiona sura hiyo kwa mtu, wanaona habari ya utumishi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na nikiutafakari msemo huo kwa uzito wake, naona kwamba sura ya kuazima huchukua pia heshima ambayo mwenye sura aliipata kwa muda mrefu.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni mbili. Mtu akiuliza, nataja jina la saa kabla hajamaliza swali. Na asipouliza, lakini nikaona ameangalia mkono wangu na namna ya kuzungumza nami imebadilika, nalitaja vilevile. Inaweza kuonekana ni kujisumbua bure. Lakini saa ni chombo cha kusema ukweli kuhusu wakati, na singependa iseme mengine kwa niaba yangu.

## Nilichomwandikia mpwa wangu

Mpwa wangu amepata kazi yake ya kwanza na ananiuliza kwa ujumbe: “Shikamoo mjomba, ninunue hiyo kama yako?”

Nimemwandikia kwamba kwa fedha anayotaka kutumia, mashine iliyo ndani ya saa yangu ni vigumu kuipita, na kwamba asiogope tarakimu za sekunde, kwa sababu maisha yake ofisini hayatadai sekunde mbili kwa siku. Nimemwandikia pia kwamba akiweza kungoja mishahara miwili mitatu, aitazame Orient Kamasu, saa ya Kijapani. Kioo chake ni cha yakuti, hivyo mchanga wa ufukwe wa Coco hautakichora. Mashine yake, F6922, inatengenezwa na Orient wenyewe, ina mawe 22, inatiwa ufunguo kwa mkono na hudumu takriban saa 40. Inazuia maji hadi mita 200. Pete ipo kwa sababu kazi inaitaka, lakini mishale yake si ya duara, alama zake hazikupangwa kwa kumtazama mtu, siku na tarehe zinasomeka bila lenzi, na akiulizwa ni saa gani hatakuwa na maelezo ya kutanguliza.

Na kama hawezi kungoja, achukue kama yangu, aache mkanda wa chuma dukani kama muuzaji anakubali kupunguza bei, na lile jina la ubavuni asiliguse.

Amejibu kwa kuuliza Kamasu inapatikana kwa rangi gani. Nimemwambia ni nyeusi, buluu, kijani na damu ya mzee, na kwamba mimi ningechukua hiyo ya mwisho.